Namna ya kupima nguvu ya dola na maslahi ya taifa katika habari za kila siku

Machi 2025 serikali ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya. Chai iliyokwisha kununuliwa kwenye mnada wa Mombasa ikakwama, nyingine maghalani, nyingine ikiwa tayari kwenye makontena ya kwenda Port Sudan. Chai yenyewe haikuwa na kosa. Mwezi mmoja nyuma Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan tangu 15 Aprili 2023, na serikali ya jeshi hilo ikaona adui yake amekaribishwa sebuleni. Mpakiaji wa Shimanzi anayelipwa kwa siku hakuwa na habari na mkutano huo, lakini hasara ilimfikia yeye kabla ya kuwafikia walioketi mkutanoni.

Habari za namna hii zinaligusa jiji la bandari kila wiki, na barazani mjadala wake hugeuka upesi kuwa wa nani rafiki yetu na nani adui. Ipo njia yenye faida zaidi. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi, mfanyabiashara au mtu yeyote anayetaka kuichambua habari ya mataifa mwenyewe bila kungoja mchambuzi wa redio amtafunie.

Chukua daftari, ramani inayoonyesha bahari pamoja na nchi kavu, na habari moja tu. Tenga muda wa saa moja. Gawa ukurasa safu tatu. Juu ya safu ya kwanza andika KAULI, ya pili GHARAMA, ya tatu NJIA YA PILI. Acha robo ya chini ya ukurasa tupu. Kazi yake itakuja mwishoni.

Safu hizo zimetokana na maana mbili ambazo ndizo msingi wa kila kitu kinachofuata. Maslahi ya taifa ni kile ambacho dola iko tayari kukilipia, kwa fedha, kwa damu, au kwa kupoteza rafiki. Nguvu ya dola ni kuwa na njia ya pili wakati mwenzako hana. Maneno mengine yote, vikwazo, ushirikiano, mizani ya nguvu, kura ya turufu, utayaelewa ukiyapitisha kwenye maana hizo mbili.

Kwanza jua unamzungumzia nani

Kiswahili chetu cha mazungumzo hutumia nchi, taifa, serikali na dola kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye daftari zitenganishe. Nchi ni ardhi na maji yake. Taifa ni watu wanaojihesabu kuwa wamoja. Serikali ni walio ofisini leo. Dola ni ile inayobaki serikali ikiondoka: madeni yake, mikataba yake, kiti chake katika Umoja wa Mataifa. (Neno hilohilo pia ni sarafu, kwa hiyo humu fedha zitaandikwa "dola za Marekani".)

Kosa la kwanza la wasomaji wengi linatokea hapa. Mtu husema "Marekani inataka" au "China imeamua" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye nia moja. Mahali pa jina la nchi andika chombo kilichotenda: rais, bunge, wizara ya fedha, jeshi, benki ya serikali. Mara nyingi utagundua vyombo viwili vya dola moja vinavutana, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja mambo manne yanayoifanya dola iwe dola: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika uhusiano na dola nyingine. Somaliland ilijitangazia uhuru mwaka 1991, ikawa na sarafu, uchaguzi na bandari ya Berbera, na bado ikakaa zaidi ya miaka 30 bila kutambuliwa na mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa. Kutambuliwa ni uamuzi wa wengine, nao huamua kwa maslahi yao. Ndiyo sababu Sudan iliukasirikia ukumbi wa mkutano wa Nairobi kana kwamba ni silaha: kundi linalopewa ukumbi, bendera na kamera limepiga hatua moja kuelekea kutambuliwa.

Kuhusu mamlaka kamili ya dola, mfano bora kwa mtu wa Mombasa uko Fort Jesus. Kuanzia 1895 ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulibaki kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar kwenye karatasi, huku Uingereza ikiutawala na kumlipa Sultani kila mwaka. Bendera nyekundu ikapepea juu ya ngome, amri zikitoka kwa gavana wa Kiingereza. Hali hiyo ilidumu hadi uhuru wa Kenya, Desemba 1963, baada ya makubaliano ya Oktoba mwaka huo yaliyouunganisha ukanda huo na Kenya. Anayetambuliwa na anayeamua wanaweza kuwa watu wawili. Ukisoma kwamba dola fulani "ina mamlaka" juu ya kisiwa, mlango wa bahari au bandari, jiulize ni mamlaka ya bendera au ya amri.

Kutafuta maslahi chini ya hotuba

Safu ya KAULI ndiyo nyepesi. Andika kilichosemwa na kila upande, kwa maneno yao, bila kuongeza chumvi. Usiipuuze safu hii hata kama unaamini wanadanganya, maana kauli inakuonyesha ni sababu gani dola inaona zitakubalika mbele za watu.

Kazi ngumu iko kwenye GHARAMA. Yapo maswali manne ya kupima kama jambo ni maslahi ya kweli au ni maneno ya msimu. Je, limeandikwa mahali? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 238, inaeleza usalama wa taifa kwa upana: mipaka na mamlaka, watu, haki zao, mali, amani na ustawi. Je, limetengewa fedha? Je, limevuka serikali zaidi ya moja? Na kuna aliyelilipia kwa kitu kinachouma?

Chukua jeshi la Kenya nchini Somalia. Septemba 2011 wageni walishambuliwa na kutekwa Kiwayu, na mwanzoni mwa Oktoba Manda, kote huko Lamu. Hoteli za pwani zikaanza kukosa wageni, na katikati ya Oktoba wanajeshi wakavuka mpaka. Kauli ya wakati ule ilikuwa kuwafuata watekaji. Kama maslahi yangekuwa ni hayo tu, jeshi lingerudi baada ya miezi michache. Lakini lilikwenda hadi Kismayo mwaka 2012, likajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, na likabaki chini ya Kibaki, Uhuru Kenyatta na Ruto. Gharama zilikuwa nzito, zote mikononi mwa al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia: jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013, Chuo Kikuu cha Garissa 2015 ambako watu 148 waliuawa, kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde nchini Somalia Januari 2016. Jambo linalovuka marais watatu na majeneza mengi hivyo ni maslahi ya dola, ukubaliane nalo au usikubaliane. Ukiangalia ramani utaona ni nini: eneo la kinga kati ya mpaka wa Kenya na vita vya ndani ya Somalia.

Hapa kuna tahadhari inayostahili kuandikwa kwa kalamu nyekundu. Maslahi ya walio madarakani huvaa kanzu ya maslahi ya taifa. Namna ya kuyatenganisha ni kuuliza kama mpinzani wao akishinda uchaguzi kesho angeliacha jambo hilo. Akiliacha siku ya kwanza, lilikuwa la watu, si la dola.

Kupima nguvu bila kuhesabu vifaru

Orodha za majeshi zinazosambaa kwenye simu hupotosha. Mwaka 2024 Marekani ilitumia karibu dola za Marekani bilioni 1,000 kwa ulinzi, zaidi ya nchi nyingine yoyote. Dola hiyohiyo iliondoka Afghanistan tarehe 30 Agosti 2021 baada ya miaka 20, na Taliban wakiwa tayari wamerudi Kabul. Kilichoisha kilikuwa nia ya kuendelea kulipa. Kwa hiyo nguvu haina kilo zake yenyewe. Hupimwa dhidi ya nani, kwa jambo gani, na kwa muda gani.

Ndiyo maana safu ya tatu inaitwa NJIA YA PILI. Kwa kila upande uliza: huyu akinyimwa anachokitaka hapa, atakipata wapi pengine, kwa bei gani, na baada ya muda gani?

Linganisha majirani wawili wasio na bahari. Uganda ndiyo mteja mkubwa kuliko wote wa mizigo inayopita bandari ya Mombasa kwenda nje ya Kenya, na mtu anaweza kudhani kwamba Kenya imeishika shingo. Lakini Uganda ina njia ya Tanzania. Mwaka 2016 iliamua bomba la mafuta yake ghafi, lenye urefu wa kilomita 1,443, lipite kwenda Tanga badala ya kupita Kenya kwenda Lamu. Kila inapozuka tofauti kati ya Nairobi na Kampala kuhusu mafuta au ushuru, njia hiyo ya kusini huwa mezani hata kama hakuna anayeitaja. Sudan Kusini haina bahati hiyo. Mafuta yake hupita kwa bomba hadi Port Sudan. Februari 2024 bomba kuu lilipoharibika katikati ya vita vya Sudan, Juba ilipoteza sehemu kubwa ya mapato yake na mishahara ya watumishi ikachelewa. Kwa ramani nchi hizi mbili zinafanana. Kwa nguvu, Juba iko mbali nyuma ya Kampala.

Kenya nayo hujitafutia njia ya pili, na ushahidi wake unaonekana Kipevu, kwenye bandari ya Mombasa. Kituo cha pili cha makontena kilichofunguliwa 2016 kilijengwa kwa mkopo wa Japani. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria 2017 ilijengwa kwa mkopo wa China. Mwenye wakopeshaji wawili hasikilizi masharti kwa namna moja na mwenye mmoja.

Ipo pia nguvu ya kuvutia: lugha, elimu, dini, filamu, mpira. Hupimwa kwa shida, kwa hiyo usiipe alama kubwa hadi uone mtu ameghairi jambo kwa sababu yake.

Soma mkataba kabla ya uvumi

Desemba 2018 Mombasa nzima ilizungumza jambo moja: bandari imewekwa rehani kwa China kwa ajili ya reli, na Kenya ikishindwa kulipa itanyang'anywa. Watu walitaja Hambantota ya Sri Lanka, iliyokodishwa kwa kampuni ya China kwa miaka 99 mwaka 2017. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kwa familia nyingi zinazokula kutokana na bandari, na hakuna sababu ya kuwacheka. Lakini inaonyesha vizuri jinsi uchambuzi unavyoharibika.

Kifungu kilichozua hofu kilihusu kuondoa kinga ya dola. Kwa kawaida dola hushtakiwa kwa shida katika mahakama za wengine, na mali zake huwa na kinga. Mkopeshaji humtaka mkopaji aseme kwenye mkataba: katika mkopo huu sitajificha nyuma ya kinga hiyo. Hicho ni kifungu cha kawaida katika mikopo ya kibiashara ya nchi nyingi, hata isiyo ya China. Rehani ni kitu kingine. Rehani hutaja mali kwa jina na kusema itachukuliwa. Ukishika mkataba wowote wa mkopo, tafuta kwanza kama kuna mali iliyotajwa hivyo; pili, tafuta mzozo utaamuliwa wapi na kwa sheria ya nchi gani. Kwa mkopo wa reli, usuluhishi uliwekwa Beijing, na hilo ni jambo zito kuliko uvumi wenyewe.

Kilichoiumiza Mombasa kilikuwa kwenye karatasi nyingine. Mamlaka ya Bandari iliingia makubaliano ya kuhakikisha reli inapata kiasi fulani cha mizigo, ili mapato ya reli yalipe deni. Kisha yakaja maagizo ya kupeleka makontena kwa treni hadi Nairobi, na baadaye Naivasha. Kazi za malori, maghala, mawakala wa forodha, gereji na mama lishe wa Changamwe na Miritini zikahama pamoja na makontena, na 2019 wakazi wakaandamana mitaani. Maagizo hayo yaliondolewa Septemba 2022, serikali ilipobadilika. Hapo maslahi ya dola, yaani kulilipa deni, yaligongana na maslahi ya mji mmoja ndani ya taifa hilohilo. Waliokesha wakijadili rehani walipitwa na kifungu cha mizigo.

Sheria nayo ina uzito wake

Wengine husema sheria ya kimataifa ni karatasi tu. Ni kosa sawa na la anayeamini kwamba mahakama itamaliza kila kitu. Somalia iliishtaki Kenya mwaka 2014 kuhusu mpaka wa baharini. Kenya ilitaka mstari unaokwenda moja kwa moja kuelekea mashariki, sambamba na latitudo. Somalia ikataka mstari wa katikati, wenye umbali sawa kutoka pwani za nchi zote mbili, unaoelekea kusini-mashariki. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mstari ulio karibu zaidi na dai la Somalia, na Kenya ikaukataa uamuzi. Mahakama haina polisi. Asiyetii hupelekwa Baraza la Usalama, ambako wanachama watano wa kudumu wana kura ya turufu, yaani kila mmoja anaweza kuzuia uamuzi peke yake. Hata hivyo hukumu ina meno ya aina yake: kampuni ya mafuta haipendi kumwaga fedha mahali ambapo hati ya kibali inabishaniwa.

Na dola ndogo inaweza kuandika sheria ambayo dola kubwa itaifuata. Mwaka 1972 Kenya, kwa kazi ya mwanadiplomasia Frank Njenga, ilipeleka Umoja wa Mataifa pendekezo la ukanda wa kiuchumi wa baharini wa hadi maili 200. Kenya haikuwa na meli za kulinda hata robo ya eneo hilo. Ilikuwa na hoja iliyofaa nchi nyingi za pwani ambazo samaki wao walivuliwa na meli za mbali, na wingi wao ukawa nguvu. Wazo hilo likaingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982: maili 12 za bahari ya taifa, kisha ukanda wa kiuchumi hadi 200, kila maili ya baharini ikiwa mita 1,852. Wavuvi wa Shimoni na Vanga wanaishi ndani ya wazo hilo kila siku.

Kujaza ukurasa wa chai

Rudi sasa kwenye habari ya Sudan. Chini ya KAULI: Kenya, "tunatoa jukwaa la mazungumzo ya amani", Sudan, "mamlaka yetu yameingiliwa". Chini ya GHARAMA upande wa Sudan: wanywaji chai wake watalipa zaidi, na waagizaji wake waliokwisha kulipia mzigo watapata hasara. Upande wa Kenya: soko la mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai yake, na jambo lisilo na bei mnadani, nalo ni kuaminiwa kama msuluhishi asiyeegemea upande. Mnunuzi mmoja mkubwa akitoka mnadani, hashushi mauzo yake tu. Anapunguza ushindani wa bei kwa daraja la chai alilozoea kununua, na kila kiwanda chenye daraja hilo kinaumia.

NJIA YA PILI: Kenya inaweza kuuza zaidi Pakistan, Misri au Uingereza, kwa bei ya chini. Sudan inaweza kununua chai nchi nyingine. Kwa serikali iliyo vitani, yenye zana chache za kuiadhibu Nairobi, marufuku ya chai ni zana ya bei nafuu: haihitaji askari, na huonekana siku hiyohiyo.

Kisha andika dhana, na uandike wazi kwamba ni dhana. Januari 2025 Kenya ilitia saini mkataba mpana wa biashara na Umoja wa Falme za Kiarabu, dola ambayo Sudan inaituhumu kuipa RSF silaha na yenyewe inakanusha. Je, mambo haya yanahusiana? Inawezekana. Lakini jambo moja kufuata jingine hakuthibitishi kwamba la kwanza limelizaa la pili. Andika ni ushahidi gani ungekufanya uamini, na gani ungekufanya uiache dhana hiyo. Bila mstari huo, uchambuzi unakuwa umbea wenye maneno makubwa.

Jaribu pia kulinganisha majirani, kwa sababu hufichua mengi kwa dakika chache. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Kenya na Rwanda ziliunga mkono; Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Kwa kila moja jaza GHARAMA yake ya kusema ndiyo, kisha ya kunyamaza. Usianze na neno "uoga" wala "ushujaa".

Ile robo ya chini uliyoiacha tupu ni ya miezi sita baadaye. Andika tarehe ya leo na utabiri wako katika sentensi mbili, kisha urudi siku ikifika. Kwa ukurasa wa chai, angalia vitu viwili kwa mpigo: mzigo na balozi wa Sudan aliyeitwa nyumbani Februari 2025. Chai ikiwa inapita na balozi hajarudi, Khartoum ilihitaji bidhaa na bado inadai heshima. Balozi akiwa amerudi na chai bado imezuiwa, kuna mtu ndani ya Sudan anayefaidika na marufuku hiyo, na jina la chombo chake ndilo la kuandika kwenye ukurasa unaofuata.